Pima kwa Mkono wa Nani?

Mjadala huu ulianzishwa na mkeka wa plastiki.

Kaka yangu aliuleta Jumapili moja baada ya alasiri, umekunjwa, umefungwa kamba ya nailoni, bado unanuka duka. Alikuwa ameshuka kutoka mjini na mkewe na mtoto wao wa miaka tisa, kuja kumwamkia shangazi yetu kijijini, mashariki ya Unguja. Tulimkuta Shangazi uani, amenyoosha miguu juu ya kitanga. Chane za ukindu zilikuwa ndani ya kitambaa kibichi ubavuni pake, na ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ukizidi kurefuka mapajani.

"Shikamoo, Shangazi. Vidole vipumzike sasa. Mkeka nimekuletea, tayari kabisa."

"Marahaba. Umeusuka wewe?"

Tukacheka, na Kaka akacheka, ila yeye aliwahi kunyamaza. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekuja kurudisha ngazi. Akaiegemeza ukutani, akavuta kibao, akaketi. Kahawa ikaja. Mpaka jua linapoa, swali lilikuwa lile lile: kuna faida gani kutengeneza nyumbani, kwa mikono, kitu ambacho dukani kipo? Nimeyaandika yaliyosemwa kama yalivyofuatana, nikiacha tu habari za harusi na bei ya pweza zilizokuwa zikituvamia kila baada ya muda.

Kaka: Mimi ni mtu wa duka, nitasema kwa hesabu. Mkeka huu ukimwagikiwa mchuzi, unafuta. Ukilowa, unautupa kwenye kamba, muda si muda umekauka. Wa ukindu ukilowa masika usipate jua, unaota ukungu. Na kabla haujaitwa mkeka kuna safari nzima: kukata ukindu mchanga, kuuanika hadi uwe mweupe, kuuchana, kuuchemsha na rangi, kusuka ukili, kisha kushona ukili kwa ukili. Siku zote hizo, kwa kitu ambacho mimi nakifuata bandarini kwa marobota!

Mwalimu: Umesema hesabu, basi tuhesabu kweli. Chukua mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2. Ukili wa Bi Mkubwa naukadiria upana wa sentimita 3. Upana wa mkeka utabeba mistari 40 ya ukili, kila mstari mita 2. Jumla mita 80. Pima moja ni wari mbili, karibu mita 1.8. Kwa hiyo mkeka mmoja unakula pima 44 na ushei, na ukingo bado.

Kaka: Mwalimu umenisaidia. Pima arobaini na nne! Shangazi, ukijilipa hata kibarua cha chini kabisa kwa saa ulizoketi, mkeka huo hakuna atakayeweza kuununua.

Shangazi: Nani kakwambia naketi kusuka? Mimi naketi kungoja. Nangoja maji yatoke niende kwenye mwani. Nangoja maharage yaive. Nangoja wageni wa hitima, nangoja mtoto alale, nangoja mvua ipite. Wenzangu na mie tulikuwa tukisuka hata njiani, chane kwapani, miguu inakwenda na vidole vinakwenda. Sasa hizo saa za kungoja, kama mkono ungekuwa mtupu, nani angenilipa?

Kaka: Hakuna.

Shangazi: Basi usinihesabie.

Nilidhani mjadala umekwisha hapo. Mtu akishindwa kwa hesabu yake mwenyewe mbele ya shangazi yake, kwa kawaida hutia kashata mdomoni akanyamaza. Lakini aliyezungumza baada ya hapo alikuwa Wifi, ambaye hadi dakika ile alikuwa akimenya machungwa kimya.

Wifi: Kwa heshima yako, Shangazi, mimi nitazihesabu. Hizo saa za kungoja zilikuwa za nani? Wanaume pia walingoja. Walingoja maji, walingoja mvua, walingoja wageni wa hitima wale wale. Lakini wao walikuwa barazani na bao mbele yao. Bao lina kete, ukili una chane, yote mawili ni kazi ya vidole na akili. La kwanza likaitwa mapumziko, la pili likaitwa "anapitisha muda", na kwa kuwa lilikuwa la kupitishia muda, likauzwa kama kitu kilichookotwa. Mimi natoka kazini saa kumi, nasimama kwenye daladala na mkoba mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika bomba. Nikifika nyumbani jiko linaningoja mimi. Mtu akiniambia kusuka ni raha ya wakati wa ziada, namuuliza: huo wakati wa ziada kauona wapi?

Mwalimu: Hapo umegusa, lakini usitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea. Mimi nasemea watoto. Mtoto anayesuka ukili wa chane tano anajifunza kuhesabu kwa vidole, anajifunza kulia na kushoto, anajifunza kwamba kosa la mwanzo linaonekana mwisho. Nilifundisha Bara miaka mingi. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule isimtenge mtoto na kazi ya kwao. Lile lilikuwa jambo kubwa.

Wifi: Likaishia wapi, Mwalimu?

Mwalimu: (Akakohoa kidogo.) Shule nyingi, likaishia kwenye bustani ya mchicha na "kila mtoto kesho aje na fagio la chelewa".

Wifi: Na fagio lile nani alilifunga?

Mwalimu: Mama yake.

Wifi: Ndiyo maana nasema. Mwaka jana huyu mwanangu aliambiwa apeleke shuleni kazi ya mkono. Aliniambia saa mbili usiku, na ilitakiwa kesho yake asubuhi. Nimekaa nikikata maboksi na gundi hadi saa sita. Nikapata alama nzuri sana! Yeye alikuwa amelala. Ndugu zetu wa Kenya nao, tangu mtaala wao wa umilisi uanze madarasani mwaka 2019, kilio chao ni hicho hicho: mradi ni wa mtoto, usiku ni wa mzazi.

Mwalimu: Nakubali, na kosa ni letu walimu. Tunasahihisha kitu, hatusahihishi mkono. Kikija kitanga kilichonyooka, tunatoa tisa juu ya kumi, wala hatuulizi. Kumbe kwa mtoto wa miaka tisa, kilichopinda ndicho chake. Ningekuwa bado nafundisha, kilichonyooka sana ningekirudisha nyumbani na salamu kwa mama.

Hapo Shangazi alitia chane mpya kwenye ukili wake. Alifanya hivyo bila kutazama: aliilaza juu ya ile iliyokaribia kwisha, akaenda nazo mbili pamoja hatua chache, kisha akaiacha ya zamani ichomoze mkia upande wa chini. Mikia hiyo hukatwa mwishoni, ukili ukishakauka. Nilimwomba atuambie, kwa kuwa ndiye pekee kati yetu aliyewahi kula kwa kazi hii, kama Wifi ana haki.

Shangazi: Ana haki tupu. Msinifanye mie mtu wa picha ya kalenda. Zamani ukili tuliuza kwa pima, na pima ni mikono miwili imekunjuliwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mnunuzi alikuwa akija kutoka mjini na kijana wake. Yule kijana mrefu kama mnazi! Hana kazi nyingine, kazi yake kukunjua mikono. Mimi nikijipimia hapa nyumbani napata pima ishirini, yule akikunjua mbawa zake zinakuwa kumi na saba. Ukisema neno, "Bibi, pima ni pima." Ndiyo maana mwani ulipoingia huku, mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi wetu tuliukimbilia. Mwani unapimwa kwa mizani. Mizani nayo huiba, lakini angalau haina mikono.

Kaka: Sasa Shangazi unasema yangu. Biashara ya kazi za mikono haimlipi anayeifanya.

Shangazi: Nasema ilikuwa hainilipi mimi. Yule mrefu alikuwa analipwa.

Kaka: Sawa, tuseme soko la leo. Mimi nilikuwa na matumaini. Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, nikasema sasa ni zamu ya vikapu. Kenya wakafuata Agosti 2017, Bara tarehe 1 Juni 2019. Nikaagiza vikapu vya miyaa, vizuri, vina mikono ya kamba, nikavitundika mlangoni. Mnajua watu walinunua nini? Ule mfuko mwepesi wa kiwandani unaofanana na kitambaa, nao umetokana na plastiki vilevile. Vikapu walivinunua watalii, na kwao si vya sokoni tena, ni mapambo ya ukutani. Mtu wa hapa ananiambia, "Kikapu ni cha bibi yangu."

Mwalimu: Na kwa nini anakataa kulipa?

Kaka: Kwa sababu anaona majani tu. Anasema, "Mwaa unaota porini bure, kwa nini kikapu kiwe ghali kuliko mfuko?"

Shangazi: Hebu nipe kofia yako.

Sikuelewa kofia imeingiaje, na Kaka pia hakuelewa, lakini aliivua. Ilikuwa kofia nyeupe nzuri, yenye maua ya vitundu, na njiani alikuwa ametusimulia jinsi alivyoipata: kazi ya mkono, muuzaji aliapa, na bei yake ilikuwa ya kazi ya mkono.

Kwa asiyezijua, kofia hizi ni kazi ya nyumbani hasa. Unguja, Pemba, Lamu hadi Ngazija, wengi wanaozishona ni wanawake, ndani ya nyumba zao, na wavaaji ni wanaume. Ng'ambo, huko Oman, ndugu yao huitwa kumma na huvaliwa hadi leo. Ile ya mkono huwa na tabaka mbili za kitambaa. Michoro huchorwa kwanza kwa kalamu, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake, mamia ya vitundu, kimoja baada ya kimoja. Kofia moja iliyojaa kazi inaweza kumla mshonaji wiki nyingi, hata miezi.

Shangazi hakuitazama nje. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba.

Shangazi: Hii ni ya cherehani.

Kaka: Haiwezekani.

Shangazi: Tia kidole mwenyewe. Kitundu cha mkono kimezungushiwa uzi pande zote, ndani na nje ni ndugu. Hapa ndani kuna uzi mwingine, umekimbia moja kwa moja kutoka ua hadi ua. Na hatua zote sawasawa, kama askari wa gwaride. Mkono wa mtu hauendi hivyo. Mkono asubuhi unakaza, jioni unalegea.

Wifi: Na nilimwambia.

Kaka: Ulisema imependeza!

Wifi: Nilisema imependeza, sikusema ni ya mkono.

Haukuwa wakati wa kumcheka mtu, ingawa tulicheka. Hapo ndipo mimi, ambaye nilikuwa msikilizaji tu, niliona kamba inayofunga mabishano yote yale.

Mimi: Naomba nichangie moja. Kaka, wewe ni mfanyabiashara, hakuna anayekuuzia mchele mbovu. Kwa nini umeuziwa kofia?

Kaka: Mchele naujua.

Mimi: Umeujulia wapi?

Kaka: Nimeupepeta tangu mtoto, hapa hapa uani. Shangazi alikuwa akinipa ungo.

Mimi: Basi umejijibu. Nyumbani hatutengenezi vitu ili tulishinde duka. Duka hatuliwezi. Wala si lazima kuuza, kwani tumesikia habari za yule mrefu. Tunatengeneza ili vidole vipate ujuzi wa kupimia. Aliyesuka shubiri moja ya ukili maishani mwake hawezi kusema kikapu ni majani tu. Mteja wako anayekataa kulipa si bahili. Hajawahi kusuka, kwa hiyo hana cha kupimia. Na wewe uliyelipa zaidi kwa kofia ya cherehani una ugonjwa uleule, ila wako umekushika upande wa pili. Asiyejua kazi humpunja fundi, na siku nyingine hupunjwa na mlaghai.

Wifi: Hilo nalikubali kwa sharti. Isiwe tena ni mimi wa kukaa usiku. Kama ni ujuzi wa kupimia, baba yake naye aupate. Ndiye aliyenunua kofia.

Mwalimu: Na iwe kitu kidogo. Mtu mzima akianza na mkeka wa pima 44 ataukimbia kwenye pima ya tatu.

Basi wakawekana sawa juu ya kitu cha kuanzia. Mwalimu alipendekeza kitanga kidogo cha kuwekea chungu, akapiga hesabu chini kwa kijiti: duara la upana wa sentimita 40, kwa ukili wa sentimita 3, linataka kama mita 4.2, yaani pima mbili na robo hivi. Wifi akasema mjini ukindu hauokotwi barabarani, itafutwe kazi ambayo malighafi yake imo kabatini. Shangazi akasema kabatini mwa kila mwanamke wa pwani mna kanga iliyochoka. Maelekezo yake nayatoa kama alivyoyasema, maana hata aliyeko mbali na mkindu anaweza kuyafuata.

Shangazi: Chukua kanga moja kuukuu. Ichane kwa urefu, vipande vya upana wa vidole vitatu. Usikate kwa mkasi mwanzo hadi mwisho, anzia kwa mkasi kisha vuta, kitambaa kitafuata uzi wake chenyewe. Funga vipande vitatu kichwani kwa fundo, fundo lishikwe na kidole cha mguu, usuke kama unavyosuka nywele. Kipande kikikaribia kwisha usipige fundo, fundo litakuumiza unyayo. Toboa tundu ncha ya kile cha zamani na tundu ncha ya kile kipya, pitisha kipya ndani ya cha zamani, kisha mkia wake uupitishe kwenye tundu lake mwenyewe, uvute. Kimeungana.

Mwalimu: Kanga ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Vipande vya sentimita 5 vitatoka 20 na zaidi, mita 30 hivi. Ukisuka kwa tatu na msuko ukala chake, unabaki na msuko wa mita 6 au 7.

Shangazi: Unatosha kizulia cha kufutia miguu mlangoni, kama nusu mita hivi. Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukianza kuuzungusha na kuushona, usiushonee mapajani. Ulaze chini, kwenye sakafu. Sindano ipite kwenye ubavu wa msuko huu na ubavu wa msuko wa jirani, si juu. Na usivute sana. Ukivuta, kitaanza kuinuka kingo, kitakuwa kawa la kufunikia chakula. Ukilegeza mno, kitafanya mawimbi. Kikiinuka, fumua mzunguko mmoja tu, urudie.

Wifi: Kumbe kawa ni kizulia kilichovutwa?

Shangazi: Kawa ni kizulia kilichovutwa na anayejua. Kikapu pia. Chini unalaza, ukifika pembeni unakaza, kinapanda. Kosa lako la leo ni ufundi wako wa kesho, ukilijua jina lake.

Mwalimu: Na kwa anayepata ukindu?

Shangazi: Aanze na chane tatu, akizoea tano. Tano ni hivi: mbili mkono huu, tatu mkono huu. Ya nje kabisa upande wenye tatu, ipite juu ya moja, chini ya moja, itulie katikati. Sasa upande wa pili ndio wenye tatu, fanya vivyo hivyo. Basi, siku zote ni hilo. Ukindu uwe mbichi kidogo kwenye kitambaa, ukikauka unakatika. Si samaki peke yake anayekunjwa angali mbichi. Na anayekwenda kukata mwenyewe, mkindu asiumalize kilele, auache na majani ya kupumulia. Mti ukifa, ujuzi wako utausukia nini?

Muda wote huo hakuna aliyekuwa akimwangalia mtoto. Tuliposikia kitu kikikwaruza sakafu ndipo tulipogeuka. Alikuwa ameokota boksi tupu la maziwa na kandambili moja iliyokatika, ile ambayo kila ua wa pwani huwa nayo. Alikuwa ameikata magurudumu manne kwa kisu cha machungwa, akapitisha chelewa mbili kwenye boksi kuwa ekseli. Kigari kilikwenda, lakini kwa kuchechemea, nyuma kikiruka kila mzunguko.

Mwalimu: Kinachechemea kwa nini?

Mtoto: Tundu halipo katikati.

Mwalimu: Katikati ni wapi?

Mtoto alifikiri. Akachukua karatasi ya kashata, akaliweka gurudumu juu yake, akalichora kwa mkaa, akaikata kwa kufuata duara lile. Akaikunja nusu, akaikunja tena. Akaikunjua, akaweka kidole pale mikunjo ilipokutana. "Hapa."

Mwalimu hakusema kitu. Alimtazama Wifi tu, kama mtu aliyeshinda kesi bila wakili.

Wifi: Haya, Mwalimu. Hiki sijakigusa mimi.

Mwalimu: Naona. Kimepinda vizuri.

Nilimgeukia Kaka kumuuliza kauli yake ya mwisho, kama desturi ya mjadala, nikamkuta ameinama. Alikuwa amechukua chane tano kwenye kitambaa cha Shangazi. Juu ya moja, chini ya moja. Alikuwa akihema kama mkwezi wa minazi. Kahawa ya pili ikapoa mbele yake. Jua lilipofika nyuma ya mkungu alikuwa na shubiri moja, ukingo mmoja umetoka, wa pili umeingia, katikati mna tundu ambalo mdudu angepita na mzigo wake.

Kaka: Shubiri moja. Tangu tumiminiwe kahawa.

Shangazi: Nipe nione. (Akaupitishia kidole gumba, kama alivyofanya kwenye kofia.) Huu ni wa mkono.

Kaka: Na mkeka wa plastiki?

Shangazi: Huo mzuri sana, mwanangu, umefanya jambo. Nitaanikia mwani. Unafutika, si ndivyo ulivyosema?

Mwalimu akakumbuka ngazi, akakumbuka pia kwamba alikuwa amekuja kuirudisha, akainuka. Wifi akamwita mtoto avae viatu, na tukagundua kwamba kandambili iliyokatwa haikuwa ile iliyokatika tu. Na Kaka, aliyekuwa bado ameushika ukili wake mfupi, akamwelekea Shangazi kwa sauti ya dukani, ile ya kweli.

Kaka: Shangazi, ukili wako huu, kama ningetaka pima kumi za kwangu, za vikapu vya mlangoni, ungeniuzia kiasi gani pima moja?

Shangazi: Inategemea. Tutapima kwa mkono wa nani?

Kaka akatutazama mmoja mmoja. Akamtazama Mwalimu, ambaye ni mrefu. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa akizunguka ua kwa mguu mmoja na kiatu kimoja, akivuta kigari kwa uzi, mikono yake ndiyo mifupi kuliko yote pale.

"Kwa wa huyu," akasema.